Hati Fungani Haiivi Ndani ya Mfuko

Anayenunua hati fungani ya serikali ya miaka 10, yaani anayeikopesha serikali, kwa mkono wake mwenyewe anajua mambo matatu tangu siku ya kwanza: kuponi, yaani riba ya hati, atalipwa kila baada ya miezi 6, kiwango chake hakibadiliki, na siku itakapoiva mtaji wake unarudi wote. Anayenunua vipande vya mfuko wa hati fungani, ambamo meneja hununua hati kwa pesa za wengi, hana uhakika wa hata moja kati ya hayo. Mfuko hauna siku ya kuiva. Hati moja ikiiva, meneja anachukua pesa na kununua nyingine. Bei ya kipande inahesabiwa upya kila siku ya kazi, na siku unayotaka pesa zako unalipwa bei ya siku hiyo, iwe imejaa au imekupwa.

Tunaanzia hapa kwa sababu kwenye vikao vya vyama vya akiba hapa Mombasa, kutoka Kongowea mpaka Likoni, mfuko huu na mfuko wa hisa hulinganishwa kwa sentensi moja: wa serikali ni salama, wa hisa ni kamari. Sentensi hiyo huumiza pande zote mbili. Mmoja anaweka karo kwenye mfuko wa "serikali" kisha anakwenda kuitoa na kukuta imepungua. Mwingine anakimbia hisa miaka 20, huku mfumuko wa bei ukitafuna akiba yake kimyakimya.

Mizani ya bei na riba

Chukua hati ya shilingi 100 yenye kuponi ya asilimia 13 na miaka 10 mbele yake. Riba ya soko ikiwa 13, hati inauzwa shilingi 100. Mwezi unaofuata serikali inakopa tena, safari hii kwa asilimia 15. Nani atakununulia yako ya 13 kwa bei ileile? Hapatikani mpaka uishushe, na ukipiga hesabu ya kuponi zote pamoja na mtaji wa mwisho, bei inatua karibu shilingi 90. Riba ikishuka hadi 11 badala ya kupanda, hati hiyohiyo inafika karibu shilingi 112. Ni mizani ya sokoni: sahani moja ikienda juu, ya pili inakwenda chini.

Sasa chukua hati yenye kuponi ileile ya 13 lakini imebakiza miaka 2 tu. Riba ikipanda hadi 15, inashuka hadi karibu shilingi 97 basi. Urefu ndio unaoamua ukubwa wa pigo, na ndiyo sababu mifuko miwili yote ya "serikali" inaweza kuwa na tabia zisizofanana hata kidogo. Ulizia muda wa wastani wa hati zilizomo, yaani muda unaohesabiwa pamoja na kuponi zinazoingia njiani. Ile hati yetu ya miaka 10, kwa sababu kuponi yake ni nono, ina muda wa wastani wa kama miaka 5 na nusu. Kanuni ya mkono ni hii: riba ikipanda kwa pointi moja, tuseme kutoka 13 hadi 14, bei inashuka kwa asilimia inayokaribia namba hiyo. Kwa hiyo pointi moja juu ni karibu asilimia 5.5 chini. Mfuko wenye muda wa wastani wa mwaka mmoja na nusu hauwezi kukutia hasara ya namna hiyo.

Kuna faraja. Bei ikishuka kwa sababu riba imepanda, kuponi zinazoingia na hati zinazoiva zinanunua hati mpya zenye riba nene zaidi. Mwenye kukaa ndani ya mfuko kwa miaka inayopita ule muda wa wastani kwa kawaida hufidiwa. Anayeumia ni yule aliyelazimika kutoka mapema.

Upande wa pili wa mizani una mtego wake, na kwa maoni yetu ndio unaonasa Wakenya wengi zaidi kuliko hasara yenyewe. Mwezi Februari 2024 serikali ilitoa hati ya miundombinu ya miaka 8 na nusu kwa asilimia 18.4607, tena bila kodi. Wakati huo riba elekezi ya Benki Kuu, ile inayoongoza riba nyingine sokoni, ilikuwa 13. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ikaanza kuipunguza hatua kwa hatua, na kufikia Desemba 2025 ilikuwa asilimia 9. Mfuko wowote uliokuwa umebeba hati ndefu za riba ya juu ulivuna mara mbili, kwa kuponi na kwa kupanda kwa bei. Kisha matangazo yakatoka: "mwaka jana tulileta asilimia kadhaa." Ni kweli walileta. Lakini anayeingia leo ananunua zile hati kwa bei iliyokwisha kupanda, na faida yake inaanza kuhesabiwa kwa riba ya soko ya leo. Ile 18 ni ya walioingia mwanzo. Ukisoma tangazo la mfuko wa hati fungani, usiulize ulileta ngapi. Uliza hati zilizomo, kwa bei ya leo, zinaleta ngapi mpaka kuiva.

Mkopaji ni mmoja

Usalama wa mfuko huu unasimama juu ya mdaiwa mmoja, serikali. Serikali inayokopa kwa shilingi yake yenyewe ina njia nyingi za kulipa, ikiwemo kodi na kukopa upya, kwa hiyo kushindwa kabisa ni nadra. Nadra lakini si muhali. Ghana, mwezi Desemba 2022, ilitangaza kubadilisha hati zake za ndani kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi, na wenye mifuko ya hati fungani huko walihisi pigo hilo moja kwa moja.

Hatari ya kila siku ni nyingine: kulipwa shilingi zote lakini zisizonunua kitu. Mfumuko wa bei wa Kenya ulifika asilimia 9.6 mwezi Oktoba 2022. Piga hesabu ya kweli. Hati ya miaka 10 ina kuponi ya 13. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, kwa hati za miaka 10 na kuendelea ni asilimia 10 ya riba (zilizo chini ya miaka 10 hukatwa 15, na za miundombinu kwa kawaida hazikatwi), kwa hiyo inabaki 11.7. Mfuko ukitoza ada ya asilimia 2 kwa mwaka, inabaki 9.7. Mfumuko wa bei ukiwa 5, umeongeza uwezo wa kununua kwa 4.7. Ukiwa 9.6, umesimama palepale ulipokuwa.

Hisa za ukuaji ni ahadi ndefu

Kampuni ya ukuaji ni ile inayorudisha faida yake nyingi ndani ya biashara badala ya kuigawa, na wanunuzi wanakubali kulipa bei kubwa leo kwa ajili ya faida ya miaka ijayo. Kipimo chake cha kwanza ni kugawanya bei ya hisa kwa faida ya hisa moja. Hisa ya shilingi 30 yenye faida ya shilingi 1 inauzwa mara 30 ya faida. Hapa ndipo penye utelezi. Tuseme kampuni inafanya vizuri, faida inapanda kwa asilimia 20 hadi shilingi 1.20, lakini soko limepoa na sasa linakubali kulipa mara 15 tu. Bei mpya ni shilingi 18. Biashara imekua, mwenye hisa amepoteza asilimia 40. Wengi hudhani hisa hushuka pale kampuni inapofanya vibaya. Za ukuaji hushuka hata pale inapofanya vizuri, ila kidogo kuliko ilivyotarajiwa.

Mizani ile ya riba inazifuata na huku. Shilingi 100 utakayolipwa baada ya miaka 10, ukiipima kwa riba ya asilimia 8, thamani yake leo ni shilingi 46 hivi. Ukiipima kwa asilimia 13, ni shilingi 29. Shilingi 100 ya mwaka mmoja ujao, kwa riba hizohizo, inatoka shilingi 92.60 hadi 88.50 tu. Kampuni ambayo faida zake nene ziko mbali ni kama hati fungani ndefu isiyo na kuponi: riba ikipanda inaanguka vibaya. Na serikali ikilipa 18 bila kodi, mwenye pesa ana sababu gani ya kuhangaika na hisa?

Safaricom ndiyo mfano ulio karibu. Iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, ikavuka 40 mwaka 2021, kisha ikaanguka chini ya 15 mwaka 2023, wakati ilipokuwa ikimwaga mtaji Ethiopia, riba zikipanda na wawekezaji wa nje wakiondoa pesa zao. Aliyenunua kwa 5 na kunyamaza alikuwa bado na zaidi ya maradufu. Aliyenunua kwa 40 kwa kuwa "inapanda tu" alikuwa amepoteza zaidi ya nusu. Ni kampuni ileile, laini zilezile, M-Pesa ileile.

Kwa kipimo kikubwa zaidi kuna Nasdaq ya Marekani, soko la hisa lililojaa kampuni za teknolojia: ilifika kilele Machi 2000, ikapoteza karibu asilimia 78 kufikia Oktoba 2002, na kilele kile ilikipita tena mwaka 2015. Hesabu ya kuporomoka ni katili kwa sababu hailingani. Ukipoteza asilimia 50 unahitaji kupata asilimia 100 ili urudi ulipokuwa. Ukipoteza 78, unahitaji zaidi ya 350.

Nyumbani kuna kasoro ya ziada ambayo matangazo hayaitaji. Soko la Hisa la Nairobi ni jembamba. Safaricom peke yake imewahi kubeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote, na baada yake zinafuata benki kubwa chache na kampuni ya bia. Mfuko wa hisa wa Kenya unaoitwa "mchanganyiko" unaweza kuwa, kwa undani wake, dau juu ya kampuni tano. Tena benki hizo zimebeba hati fungani nyingi za serikali kwenye vitabu vyake. Kwa hiyo mwenye mfuko wa hati na mfuko wa hisa za benki asidhani ameweka mayai kwenye vikapu viwili vilivyo mbalimbali sana. Mwaka 2022 uliwaonyesha Wamarekani jambo hilo: riba zilipopanda ghafla, hisa za kampuni zao kubwa zilishuka karibu moja ya tano, zile za kampuni 100 kubwa za Nasdaq karibu theluthi, na hati fungani, ambazo ndizo zilizotakiwa kupunguza pigo, nazo zikashuka asilimia 13 hivi.

Na mwenye kuepuka riba?

Mombasa swali hili haliwezi kuachwa pembeni. Kuponi ya hati fungani ni riba, na Mwislamu anayejizuia nayo hana nafasi kwenye mfuko wa kawaida wa hati za serikali, haijalishi umepewa jina gani. Mbadala wake ni sukuki, ambapo mwenye cheti anamiliki sehemu ya mali na kulipwa kutokana na kodi ya pango au mauzo yake. Kenya ilipata sukuki yake ya kwanza, ya Linzi, mwaka 2023, ya shilingi bilioni 3 kwa ajili ya kujenga nyumba. Lakini sukuki moja haiwezi kujaza mfuko, na ndiyo sababu mifuko inayofuata sharia hapa nchini hutegemea sana amana za benki za Kiislamu.

Upande wa hisa mlango uko wazi zaidi, ila una chekeche. Kampuni ya pombe inatoka, benki za riba zinatoka, na kampuni halali yenye deni kubwa la riba inatoka pia. Kiwango kinachotumiwa sana ni deni lisilozidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na mapato yasiyofaa yasizidi asilimia 5, ambayo nayo hutolewa sadaka. Zipitishe hisa za Nairobi kwenye chekeche hilo uone kinachobaki. Kwa vile benki na bia ndizo zilizojaza soko, mfuko unaobaki unakuwa mwembamba kuliko ule wa kawaida. Anayeuchagua ajue hivyo mapema: anapata utulivu wa dini, na analipa kwa kuegemea kampuni chache.

Kugawa kwa tarehe

Sasa tuseme mama muuza viungo pale Marikiti ana shilingi 600,000. Kati yake 120,000 ni karo ya Januari, 180,000 ni mabati na mbao za nyumba ya Kisauni baada ya miaka 3, na 300,000 ni za uzeeni. Ana miaka 38. Kumuuliza "serikali au hisa?" ni kumchanganya. Ana pesa tatu zenye tarehe tatu.

Karo haiingii kwenye mfuko wowote kati ya hii miwili. Iende kwenye mfuko wa soko la fedha, unaoweka pesa kwenye amana na hati za muda mfupi, au hati za hazina za siku 91. Pesa za mabati zinafaa mfuko wa hati fungani, lakini wenye muda wa wastani usiozidi ile miaka 3. Au anunue mwenyewe hati iliyobakiza miaka 3, ili arudi kwenye yale mambo matatu tuliyoanza nayo. Hilo linawezekana kwa simu kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia hati, kuanzia shilingi 50,000 kwa hati za kawaida. Anayejisajili anahitaji kitambulisho, namba ya KRA (mamlaka ya kodi) na akaunti ya benki, na kwenye mnada, ambapo wanunuzi hutaja riba wanayoitaka, achague kupokea wastani wa riba ya mnada badala ya kutaja yake. Anayetaja yake akataja juu mno hubaki mikono mitupu. Kasoro ya njia hii ni kuuza kabla ya wakati: atahitaji dalali na mnunuzi wa hati yake, ilhali mfuko unamlipa ndani ya siku chache.

Zile 300,000 za uzeeni ndizo zenye haki ya kwenda kwenye hisa za ukuaji, kwa sababu zina miaka 20 ya kungoja. Hata hivyo ajiulize swali moja kwa shilingi, si kwa asilimia: nikifungua simu na kuona 150,000, nitauza? Kama jibu ni ndiyo, aweke nusu tu. Hasara kubwa kwenye mifuko ya hisa hutokana na kuuza bondeni.

Na asiziingize zote siku moja. Tuseme anaweka 5,000 kwa mwezi, na kipande kinauzwa 20, kisha 16, kisha 10, kisha 12.50. Atapata vipande 250, 312.5, 500 na 400: jumla 1,462.5 kwa shilingi 20,000, yaani shilingi 13.68 kila kimoja. Bei ikirudi 14 tu, ambayo bado ni mbali na 20 ya mwanzo, vipande vyake vina thamani ya 20,475. Mwezi wa bei 10, ule ambao wengi hukatisha malipo kwa hofu, ndio uliomnunulia theluthi ya vipande vyote.

Kabla ya kutia sahihi

Karatasi ya mfuko ya kila mwezi ina vitu vinne vya kutazama: ada zote kwa mwaka, muda wa wastani (kwa hati) au kampuni kumi kubwa na sehemu ya kila moja (kwa hisa), jina la mdhamini na la benki inayotunza mali, na siku za kulipwa ukitaka kutoka. Meneja asiwe ndiye anayeshika pesa. Zinakaa kwa mtunzaji. Ukiambiwa utume kwenye namba ya simu ya wakala, simama hapo hapo. Jina la mfuko litafute kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda majina yanayofanana.

Ada ndiyo inayodharauliwa zaidi. Shilingi 100,000 zikikua kwa asilimia 12 kwa mwaka zinakuwa karibu 547,000 baada ya miaka 15. Ada ya asilimia 2 ikizishusha hadi 10, zinakuwa 418,000. Tofauti ya 129,000 inazidi mtaji ulioanza nao. Kwenye mfuko wa hati inauma zaidi, kwa sababu meneja anayenunua deni la serikali na kulishika ana kazi ndogo kuliko anayechambua kampuni, na bado wapo wanaotoza sawa. Ada ya kuingia nayo uiulizie kando, kwa kuwa mara nyingi haimo ndani ya ile ya mwaka.

Kodi nayo imetofautiana: mgao wa hisa kwa mkaazi hukatwa asilimia 5, na faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa Nairobi haitozwi kodi ya faida ya mtaji.

Mwisho ni kutoka. Anayekusudia kutumia pesa za hisa mwaka fulani asingoje mwaka huo ufike. Aanze miaka 3 kabla, ahamishe theluthi kila mwaka kwenda kwenye mfuko wa hati fupi, bei ikiwa juu au chini. Ombi la kutoa lipelekwe mapema asubuhi, kwa kuwa kila mfuko una saa yake ya kufunga, na ombi lililochelewa hulipwa bei ya siku ya kazi inayofuata. Likitumwa Ijumaa jioni, bei yake ni ya Jumatatu.